Mtandamboo na Mti Ufananao Nao

Mtoto achungaye mbuzi Ukambani, au Kajiado, au kandokando ya misitu ya Nyandarua, hahitaji mwalimu wa kumwonyesha mtandamboo. Huujua tangu siku alipoanza kufuata mifugo, na arudipo nyumbani jioni ulimi wake ulio mweusi humshuhudia mama yake jinsi mchana ulivyopita. Hayo ndiyo matunda ya kichaka kimoja chenye miiba mirefu, ambacho majani yake ni mabichi mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi ambapo miti mingine imebaki vijiti vitupu.

Mtandamboo ndilo jina lake la Kiswahili. Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wamasai olamuriaki, Wakipsigis legetetwet, na Wajaluo ochuoga. Wataalamu wa mimea huuita Carissa spinarum, lakini katika vitabu vya zamani kidogo msomaji ataukuta kwa jina la Carissa edulis. Neno hilo edulis ni la Kilatini, na maana yake ni «ya kuliwa». Alilitumia bwana Peter Forsskål, mtaalamu aliyekwenda Arabuni katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Aliuona mti huu Yemen, akafa huko huko mwaka 1763, na maandiko yake yalichapwa mwaka 1775 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mti huu si wa Kenya peke yake. Wapatikana sehemu nyingi za Afrika, na Arabuni, na kuendelea hata Bara Hindi na Australia.

Kwa kawaida kimo chake ni futi tatu mpaka kumi, ingawa ukipata mti mwingine wa kuegemea huweza kuparamia na kupita hapo. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana. Ni magumu kama ngozi, yang'aa, na urefu wake ni kama inchi mbili. Maua ni meupe kwa ndani na mekundu kidogo kwa nje, yenye harufu nzuri iwavutayo nyuki. Tunda ni la mviringo, dogo kama punje kubwa ya njegere au kuzidi kidogo. Kwanza huwa kijani, kisha jekundu, na likiiva huwa la zambarau iliyokaribia weusi. Huliwa zima, pamoja na ganda na mbegu zake. Lililoiva ni tamu lenye uchachu kidogo. Lisiloiva hutoa utomvu mweupe unatao midomoni. Akina mama wenye sukari ya kutosha huyapika yakawa jamu nzuri sana, na ni ajabu kwamba jamu hiyo haionekani sana madukani, hali matunda yaanguka bure.

Lakini liko jambo ambalo kila mzazi apaswa kulijua. Katika nchi hizo hizo, penye mawe na vichaka, huota mti mwingine uitwao msunguti. Wakamba huuita kivai, Wakikuyu muricu, na Wamasai olmorijoi. Jina lake la kitaalamu ni Acokanthera. Ni ndugu wa mtandamboo, wa jamaa moja, na ndugu hawa wamefanana mno. Msunguti nao una majani magumu yang'aayo yasiyopukutika, maua meupe yenye harufu nzuri, utomvu mweupe, na matunda yageukayo kutoka wekundu hata zambarau. Ndio mti ambao Wagiriama na Wakamba tangu zamani walichemsha mbao na magome yake mpaka yakawa kama lami nyeusi, wakapaka mishale yao. Sumu hiyo iliangusha hata ndovu, kwa maana kazi yake ni kuuvuruga moyo. Yuko hata panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, atafunaye gome hilo na kujipaka mate yake ubavuni, ili mbwa amwumaye ajute. Habari hiyo ilithibitishwa na wataalamu mwaka 2011.

Basi mtu atautambuaje mmoja na mwingine? Alama ya kutegemea ni mwiba. Mtandamboo una miiba migumu iliyonyoka, mingine yafika inchi mbili, na msunguti hauna mwiba hata mmoja. Tena jani la msunguti kwa kawaida ni kubwa zaidi, na tunda lake ni kubwa kuliko la mwenziwe. Utomvu mweupe usichukuliwe kuwa alama, maana yote miwili unao. Na kwa kuwa machipukizi ya mtandamboo yaliyoota kivulini huwa na miiba michache, afadhali kutazama matawi ya chini yaliyokomaa. Ni kweli wako watu walao matunda ya msunguti yaliyoiva kabisa, ila yaliyo mabichi yana sumu kali, na mtoto mwenye njaa hapimi vema kiasi cha kuiva. Kanuni ya kumfundisha ni fupi: pasipo mwiba, usile. Kama ameshakula, akaanza kutapika au kulegea, apelekwe hospitali mara moja bila kungojea dawa ya nyumbani, na tawi la mti ule lichukuliwe pamoja naye ili daktari aone ni kitu gani.

Hatari hii yawahusu watu wazima pia, kwa sababu ya mizizi. Wamasai hutia mizizi ya olamuriaki katika mchuzi wa nyama, na makabila mengi huichemsha kwa maumivu ya kifua, ya viungo, na kwa homa. Mwaka 2006 wataalamu, baadhi yao wakiwa wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, walitangaza kwamba maji ya mzizi huu yalizuia virusi vya malengelenge katika maabara na katika panya. Hiyo ni habari njema, lakini panya si binadamu, na kipimo cha kumfaa mgonjwa hakijawekwa kwa jambo hilo. Tena mzizi hauna miiba. Mafungu ya mizizi mikavu yaliyotandazwa sokoni hayana alama ile iliyotajwa juu, na mnunuzi hana budi kumtegemea mchimbaji. Aliye mwangalifu hununua kwa mtu amjuaye, au huchimba mwenyewe chini ya kichaka chenye miiba, akichukua mizizi ya pembeni tu, maana kichaka kilichong'olewa mzizi wa katikati hufa.

Wako pia wachomekao kipande cha mzizi katika paa ili kufukuza nyoka. Kufyeka majani karibu na nyumba hufaa zaidi.

Faida iliyosahauliwa ni ya ua. Ng'ombe hapiti katika safu ya mtandamboo iliyosongana, wala mwizi. Seng'enge hushika kutu, na ua wa matawi makavu huliwa na mchwa, lakini ua huu huota wenyewe na kuzaa matunda. Mbegu hutolewa katika matunda yaliyoiva, huoshwa nyama yake, hukaushwa kivulini na kupandwa mapema, maana zikikaa sana hupoteza nguvu. Miche hupandikizwa mvua zianzapo, ikiachana kama futi moja na nusu, na miaka ya kwanza lazima ilindwe na mbuzi, ambao huyapenda machipukizi yake kabla miiba haijakomaa. Hukua polepole. Apandaye apange kungoja miaka kadhaa, na kila mwaka apunguze ncha kwa panga ili matawi ya chini yasongamane.