Dawa za TB umemaliza, mbona kifua bado kizito?



Jirani yangu, mama mtu mzima, alimaliza dawa za TB za miezi 6. Vipimo vikaonyesha amepona. Lakini akibeba dumu la maji anasimama mara 3 njiani, na kila asubuhi anatoa makohozi. Watu wakaanza kutenga kikombe chake. Akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimepona au sijapona?"

Mama, TB imepona. Ilichoacha ni makovu. Njia za hewa zimelegea, makohozi yanatuama humo kama maji kwenye mtaro ulioziba. Makovu hayaambukizi mtu. Kikombe kirudishwe kwenye vingine!

Makohozi hayo ni lazima yatoke. Kaa wima, legeza mabega, pumua taratibu. Kisha vuta pumzi ndefu kwa pua, ishike ukihesabu mpaka 3, iachie polepole. Rudia mara 3 au 4, halafu pumzika. Sasa fungua mdomo na usukume pumzi nje, "haaa", kama unayetaka kioo kipate ukungu. Usikimbilie kukohoa kwa nguvu, utachoka bure. Ukisikia makohozi yamepanda, ndipo ukohoe, uteme kwenye kopo lenye mfuniko. Anza tena. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kabla ya kula.

Wengine huogopa kutembea, wanalala kutwa. Hapo mwili unazidi kudhoofika. Kule Kampala, hospitali ya Mulago, wataalamu wa Makerere waliwafanyisha mazoezi watu wa namna hii mara 2 kwa wiki, kwa wiki 6, nao wakaweza kutembea mbali kuliko mwanzo. Ukipanda kilima, toa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama unapuliza chai ya moto. Na wakati wa kupika, kaa mbali na moshi wa kuni.

Lakini ukitema damu, ukipata homa au kifua kikichoma, acha mazoezi, nenda kituo cha afya. Ukianza kukonda au kutoka jasho usiku, pimwa TB tena. Na wewe unayekohoa zaidi ya wiki 2 bila kupimwa, anzia kwenye kipimo; ni bure, hata kwa mkimbizi. Ukiwa kituoni, muulize daktari kama anaweza kukuandikia rufaa ya hospitali ya mkoa, Mbarara, umwone mtaalamu wa mazoezi ya kifua.