Je, Wajua? Gari-nyumba Ndani ya Denali

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Taifa ya Denali, Alaska, ina barabara moja tu? Urefu wake ni kilomita 148, lakini wakati wa kiangazi magari binafsi huishia kilomita ya 24, kwenye Mto Savage, lami inapokomea. Kutoka hapo ni basi, baiskeli au miguu.

Familia yenye gari-nyumba ina upenyo mmoja: kambi ya Teklanika, yapata kilomita 47 kutoka mwanzo wa barabara. Sharti ni kulala hapo angalau siku tatu, na gari likishaegeshwa halisogezwi mpaka siku ya kuondoka. Hakuna umeme wa kuchomeka. Tangi la maji machafu humwagwa karibu na lango la hifadhi, kwenye kambi ya Riley Creek.

Mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 20 kwa siku, kwa hiyo watoto hawalali bila mapazia mazito. Kwa sababu ya dubu, chakula hufungiwa ndani ya gari. Hata sufuria chafu haiachwi mezani nje. Ukimwona dubu, kaa mbali naye mita 275 au zaidi.

Ukipanga safari, weka nafasi kambini mapema.