Kabla ya kulipa mtu wa kutangaza kitabu chetu

Kitabu kikishatoka kwa mchapaji, kazi imefika nusu tu. Kisipotangazwa, kitabaki kimefungwa nyumbani.

Kuna wataalamu wa kazi hiyo. Wanafahamiana na waandishi wa habari, wanaandika matangazo, wanapanga mahojiano ya redio. Ni kazi ya kweli, lakini mara nyingi wanalipwa kwa kazi yao, hata kama kitabu hakikuuzwa. Na pesa ya sanduku letu la AVEC ndiyo pesa ya shule ya watoto. Basi tuulize kwanza: Umeshatangaza vitabu gani? Utaongea na redio gani, siku gani? Wasomaji wa Kiswahili utawapata wapi? Majibu yaandikwe, na malipo yatolewe kwa sehemu, kazi ikionekana.

Huko Kenya, mwaka 1980, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya kwa lugha ya Kigikuyu. Alikuwa na jina tayari, lakini kilichoieneza ni sauti za watu. Familia zilikusanyika jioni, mmoja akisoma, wengine wakisikiliza. Kwenye baa, msomaji alinyamaza glasi ikiisha, mpaka wasikilizaji wamnunulie nyingine. Nakala 5,000 za kwanza ziliisha haraka.

Sisi pia tuna sauti: kanisani, sokoni Sake, bombani, kwenye mikutano yetu. Tusome kurasa mbili tatu, tukatize pale patamu. Mtaalamu tumwite kwa kile tusichofikia wenyewe, kama redio za Goma.