Sisimizi Katika Bustani ya Mboga: Mjue Mdudu Kabla ya Kumwaga Dawa

Mboga za shamba kubwa hupelekwa sokoni, lakini mboga za bustani ya nyumbani huliwa na watoto wa nyumba ile ile, pengine jioni ya siku ile ile zilipochumwa. Kwa sababu hiyo sumu inayomwagwa kati ya sukumawiki na kunde haina safari ndefu: hutoka katika chupa, hukaa juu ya jani, kisha huingia katika sufuria. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu aonaye sisimizi wakipita katika matuta yake, akaanza kutafuta dawa kali ya kuwaangamiza.

Swali la kwanza si "Niwaue kwa kitu gani?" bali ni "Hawa ni wadudu gani, nao wanafanya nini hapa?" Watu wengi huwaita wadudu wote watambaao kwa safu kwa jina moja, ingawa wao ni wa namna nyingi na kazi zao ni mbalimbali.

Kwanza, mchwa si sisimizi. Ujamaa wake ni na mende. Ukimtazama sisimizi kwa makini utaona kiuno chembamba sana, na vipapasio vilivyopindika kama kiwiko cha mkono. Mchwa hana kiuno chembamba, na vipapasio vyake vimenyooka. Mchwa ndiye atafunaye miti mikavu, mabua, na mimea iliyodhoofika kwa kiu. Tena sisimizi ni miongoni mwa adui zake wakubwa. Wapo sisimizi weusi wakubwa ambao huandamana kwenda kuvamia mchwa, kisha hurudi na mawindo vinywani. Mtu anayeua sisimizi wote ili azuie mchwa amemfukuza askari na kumwachia mwizi mlango wazi.

Pili, kuna siafu. Hawa hawali mboga. Wapitapo bustanini hubeba viwavi, mende na wadudu wengine, na baada ya muda huhama wenyewe. Hatari yao ni kwa kiumbe asiyeweza kukimbia: kuku waliofungiwa, sungura katika kizimba, na mtoto mchanga aliyelazwa. Kwa hiyo waonekanapo, fungua banda, ondoa watoto, na uwapishe. Majivu makavu yaliyomwagwa kwa mstari mpana husaidia kuwageuza njia, lakini yakilowa nguvu yake hupungua.

Tatu, ndio wale sisimizi wadogo wapandao na kushuka katika mashina ya kunde na maharagwe. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Nasi twaweza kusema, fuata sisimizi uone vidukari. Geuza majani machanga, nawe utawakuta vidukari weusi wamejazana, wakifyonza maji ya mmea. Vidukari hutoa tone tamu ambalo sisimizi hulipenda mno. Basi sisimizi huwachunga kama mfugaji achungavyo ng'ombe wake, na kuwafukuza wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa ambao huwala. Aharibuye mmea hasa ni kidukari, na sisimizi ni mchungaji wake. Ukimwondoa ng'ombe, mchungaji hana tena sababu ya kukaa.

Dawa ya vidukari imo jikoni. Katika lita moja ya maji koroga vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji, isiyo ya unga wa kufulia, maana unga huo waweza kuunguza majani. Jaribu kwanza juu ya majani machache, ungoje siku moja. Yasipodhurika, nyunyiza jioni, hasa upande wa chini wa majani, kwa kuwa sabuni huua mdudu aliyelowa tu. Rudia baada ya siku chache, na mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Ncha iliyojaa vidukari kupita kiasi na ikatwe na kuzikwa.

Kitaluni sisimizi huweza kubeba mbegu ndogo. Basi otesha mbegu katika sanduku lenye miguu, na kila mguu usimame ndani ya mkebe wenye maji. Wakijenga kiota katika tuta lililokauka, palilia udongo na kuutia maji mara kwa mara. Watahama, maana hupenda pakavu. Kiota kilicho mbali na mizizi chaweza kumwagiwa maji yanayochemka, watoto wakiwa mbali. Lakini mafuta ya taa yasimwagwe kamwe: huunguza mmea na kuharibu udongo utakaokulisha mwaka ujao.

Wazee wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1950 na 1960 DDT, aldrini na dieldrini zilisifiwa ulimwenguni kote. Nguvu yao ndiyo iliyokuwa hatari yao. Hazikuharibika upesi, bali zilikaa udongoni miaka mingi na kujikusanya katika mafuta ya mwili wa mnyama na wa binadamu, hata katika maziwa ya mama. Mwaka 2001 mataifa yalifanya mkataba huko Stockholm, Sweden, wa kuzizuia, nao ukaanza kutumika mwaka 2004. Kati ya hizo tatu, DDT iliachiwa nafasi ya kupigana na wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria. Mkebe wa zamani wa dawa za namna hiyo ukionekana ghalani, usifunguliwe. Apewe habari afisa wa kilimo.

Ikiwa haja ya dawa ya dukani imekuwa kubwa, nunua iliyo katika chombo chake chenye maandishi, nayo iwe imeandikishwa kwa matumizi ya mboga. Dawa ya pareto, ua ambalo wakulima wa Kenya wamelilima tangu miaka ya 1930, huharibika upesi kwa jua. Hata hivyo huua nyuki na samaki, basi isinyunyizwe mchana penye maua wala karibu na mto. Hesabu siku za kungoja kabla ya kuchuma, kama zilivyoandikwa. Usiitie dawa katika chupa ya soda, wala usiiache chini ile chaki ya kuulia wadudu, kwa kuwa mtoto hawezi kuitofautisha na chaki ya shuleni.

Zaidi ya yote, mkulima asione aibu kuwa na sisimizi bustanini mwake. Wakulima wa machungwa nchini China walitumia sisimizi kulinda matunda yao tangu zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na katika miaka ya 1950 wataalamu waliokuwa Unguja walithibitisha kwamba maji moto, wale wekundu washonao majani, huilinda minazi na kunguni aharibuye nazi changa. Mdudu asiyedhuru mboga yako mwache afanye kazi yake. Mwenye kudhuru mwondoe kwa njia ambayo haitakufanya uogope kumpa mwanao sahani ya kunde.