Msimbazi Husikiliza Bahari

Wingu likifunga upande wa Kisarawe, wakazi wa bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam huanza kuinua magodoro, hata kama kwao halijadondoka tone. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hukatiza makazi kwa takriban kilomita 35, kisha humwaga maji baharini penye daraja la Salender. Mvua ya huko juu huwafikia watu walioanika nguo juani.

Lakini mvua peke yake haielezi mafuriko ya Jangwani. Kuna bahari pia.

Katika pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Bahari ikijaa kiasi hicho huingia mdomoni mwa mto na kuizamisha mikoko ya Salender. Maji yanayotoka bara hukosa pa kwenda. Hutuama, hutambaa kwenye vijia vya kando ya mto, hatimaye huvuka vizingiti. Mvua ileile ikikuta maji mafu, bahari isipojaa sana, mto hupata upenyo. Mwezi wa kuchungwa zaidi ni Machi: bamvua zake ni miongoni mwa kubwa za mwaka, na ndipo masika yanapoanza.

Wanaoishi bondeni wamejifunza kujikinga kwa walichonacho. Hujenga vijiukuta vya matofali mlangoni, hupanga viroba vya mchanga na matairi yaliyoshindiliwa udongo, huinua vitanda. Yote hayo huzuia maji ya magotini. Hayazuii vyoo vya shimo kufurika, na hapo ndipo hatari ya kipindupindu inapoingia nyumbani.

Desemba 2011 hakuna kilichozuia mafuriko. Watu zaidi ya 40 walikufa jijini, na familia nyingi zikapewa viwanja Mabwepande. Huko ni mbali na Kariakoo, palipo na riziki, na baadhi walirudi. Mwishoni mwa 2015 ikaja bomoabomoa, nyumba zikiwa zimepigwa alama ya X. Hata yadi ya mabasi yaendayo kasi, iliyojengwa hapohapo Jangwani, imezama zaidi ya mara moja, na Barabara ya Morogoro hufungwa maji yakipita juu yake.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili: daraja refu la Jangwani, kuchimbua mto, na bustani kubwa mahali palipokuwa na nyumba. Wazo la bustani ni zuri kuliko ukuta wowote, kwa sababu linakubali kwamba maji yatakuja na kuyapa nafasi ya kusubiri bahari ipwe.

Kuna jambo jingine lisilohitaji saruji. Tangu 2015, wanafunzi na wakazi waliochora ramani za mitaa katika mradi wa Ramani Huria wameweka wazi nyumba, mitaro na maeneo yanayofurika. Saa za maji kujaa nazo hujulikana mapema. Wavuvi huishi kwazo. Tahadhari ya mvua kubwa ikitajwa pamoja na saa ya maji kujaa, mama wa Hananasif, bondeni, atajua kama ahamishe watoto saa nane mchana au asubiri hadi usiku.