Tuyapime Maji Yaliyo Chini ya Miguu Yetu

Katika visiwa vyetu kuchimba kisima ni jambo la heri. Kiongozi anayefungua kisima hushangiliwa, na ni haki yake kushangiliwa. Lakini ipo kazi nyingine isiyokuwa na ngoma wala hotuba, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo: kazi ya kuyapima maji ya kisima hicho baada ya wageni wa heshima kuondoka.

Unguja haina mto mkubwa wala ziwa la kutegemewa. Karibu maji yote tunayokunywa yanatoka ardhini. Sayyid Barghash, aliyetawala tokea 1870 hadi 1888, alipotaka maji mjini aliyafuata chemchem za upande wa Bububu na kuyaleta kwa mfereji. Leo tunazo pampu na visima virefu, lakini hazina ni ile ile: mvua za masika na vuli zinazozama ardhini.

Hazina hiyo ina tabia yake. Maji ya mvua ni mepesi kidogo kuliko ya bahari. Kwa hivyo, yakizama katika mwamba wa matumbawe, huelea juu ya maji ya chumvi yanayopenya chini ya kisiwa. Wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghijben na Herzberg, walieleza kanuni yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inafurahisha, lakini igeuzwe uone. Pampu ikiyashusha maji kwa sentimita 10 tu, na yakabaki hapo, chumvi yaweza kupanda kiasi cha mita 4. Ikishaingia kisimani, haiondoki kwa mvua moja.

Katika maweni ya pwani ya mashariki hatari hiyo iko karibu zaidi. Utafiti wa Stefan Gössling, uliochapishwa 2001, ulionyesha kuwa huko mgeni mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48. Hatusemi mgeni afungiwe mfereji. Utalii umewapa vijana wetu kazi. Tunasema kwamba kisima cha hoteli na kisima cha kijiji jirani huteka hazina moja. Mwenye pampu kubwa ndiye anayeteka zaidi, na mwenye ndoo ndiye anayetangulia kuonja chumvi.

Nasi tunaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Ardhi ya kupokea mvua haikuongezeka hata shubiri moja.

Hatuna budi, basi, kuwaambia wakubwa wanaohusika kwamba kibali cha kisima kisiwe karatasi ya kuchimbia tu. Kiwe na sharti la mita ya kuhesabu maji yanayotekwa, na la kupima kina na chumvi, masika na kiangazi. Vipimo hivyo vihifadhiwe na Mamlaka ya Maji iliyoundwa kwa sheria ya 2006, na sheha naye awasomee wananchi wake. Chumvi ikionekana kupanda, dawa si kuchimba chini zaidi, maana huko ndiko chumvi iliko. Dawa ni kupunguza kuteka.

Wananchi nao wana wajibu. Mwamba wetu una matundu, na uchafu hupita upesi. Choo kisichimbwe karibu na kisima. Na mabonde yanayopokea mvua yasijazwe majumba.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Haya ya chini ya miguu yetu hatuwezi kuyafikia kwa macho. Tuyafikie kwa kipimo, kabla ndimi za watoto wetu hazijatupa habari.