Umri wa Utenzi na Umri wa Nakala

Katika maktaba ya chuo cha SOAS mjini London, na katika ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimehifadhiwa hati za mkono za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo haziazimwi bali husomwa papo hapo chini ya uangalizi. Uadimu wake haupimwi kwa miaka pekee. Utenzi wa Al-Inkishafi, unaoomboleza kuanguka kwa mji wa Pate, ulitungwa zaidi ya karne moja kabla ya William Hichens kuuchapisha mwaka 1939, lakini Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mchongaji aliyesifika kwa hati yake nzuri, alikuwa bado akiwanakilia Hichens na wataalamu wengine wa Ulaya tenzi za kale katika miaka ya 1930, kwa hiyo utungo mkongwe huweza kukutwa katika karatasi changa.

Ili kutenganisha umri huo wa aina mbili, mtaalamu huanza na tamati, yaani maneno ya kufungia ambamo mnukuzi hutaja jina lake na tarehe ya Hijria; na ukurasa wa mwisho ukiwa umepotea, kama inavyotokea mara nyingi mno, huielekeza karatasi kwenye mwanga kutafuta alama ya kiwanda iliyofichika ndani yake, mfano hilali tatu za karatasi za Italia zilizouzwa kwa wingi Mashariki. Hata hivyo, alama hiyo huonyesha tu wakati ambao hati haikuweza kuandikwa kabla yake, kwa kuwa karatasi iliweza kukaa ghalani miaka mingi.

Maandishi yenyewe ni magumu zaidi. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi ilhali Kiswahili kina irabu tano, na herufi moja ya “ba” ilitumika kwa b, p na mb, hata maneno “bibi” na “pembe” yakaweza kuandikwa sawasawa, muktadha ukabaki mwamuzi pekee. Ndiyo maana chapa ya herufi za Kirumi, hata iliyo bora, ni usomaji wa mhariri mmoja, na anayetaka kuupinga hana budi kurudi kwenye hati. Picha za kidijitali zimempunguzia safari, ingawa picha iliyopigwa kwa mwanga wa mbele humwonyesha herufi na kumficha hilali.